García wa Madrid, García wa Barcelona, García kila kona: hawa ni ukoo mmoja au?

#1 Kona ya Winga
Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaba tangu Jumapili. Tuko kibanda umiza tunasubiri mpira, kijana anayeuza karanga akaanza kusoma vikosi kwenye simu yake. Madrid: Fran García, Gonzalo García. Barcelona: golini Joan García, nyuma Eric García. Akauliza, "Hawa ni watoto wa mzee mmoja wamegawana timu?" Tulicheka, lakini kibanda kizima hakuna aliyekuwa na jibu.

Nikaanza kukumbuka wengine. Luis García wa Liverpool, aliyewaliza Chelsea 2005 kwa lile goli ambalo mpaka leo watu wanabishana kama mpira ulivuka mstari. Rudi Garcia kocha, na yule ni Mfaransa. Márquez mwandishi wa Colombia naye García. Halafu kuna kisiwa cha Diego Garcia, hiki cha kwetu Bahari ya Hindi.

Jina limetoka wapi, maana yake nini, na kwa nini limezagaa hivi? Wajuvi shukeni.

#2 Kipanga Mweusi
Nimekaa siti ya mbele. Picha likianza mniamshe.

#3 Bi Mkubwa wa Upanga
Ndugu wapi! Fran katokea Bolaños de Calatrava, mkoa wa Ciudad Real, kusini ya Madrid. Joan ni wa Sallent, Catalonia. Hao hata sahani hawajawahi kuchangia. Ni sawa na kudhani kila Juma ni shemeji wa kila Juma.

#4 Profesa wa Kijiweni
Jibu fupi: García ni dubu.

Jibu refu: kaskazini mwa Hispania, mpakani na Ufaransa, wako Wabaski. Lugha yao haina udugu na Kihispania wala na lugha nyingine yoyote ya Ulaya iliyo hai. Kwa Kibaski dubu ni *hartz*, ukibandika kitambulishi (kama "yule") mwishoni unapata *hartza*. Kwenye mawe ya enzi za Warumi upande wa Aquitania, kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, yamekutwa majina ya watu kama Harsi na Harsus, kwa hiyo desturi ya kumwita mtoto Dubu ni ya zamani sana. Baadaye likawa jina la wafalme wa Pamplona, ufalme wa zamani wa hukohuko kaskazini. García Íñiguez alitawala karne ya 9. León, ufalme mwingine wa kaskazini, nako akatokea mfalme García, 910 hadi 914. Wakubwa wakiitwa hivyo, wadogo wanaiga.

Uzi ufungwe.

#5 Mtaka Ushahidi
Profesa, usifunge duka wakati wateja bado wako mlangoni. Hiyo H ya *hartz* imegeuka G lini? Wapo wanaosema asili ni *gazte*, yaani kijana. *Gaztea* ni "yule kijana". Hapo G unaikuta imeshakaa mahali pake.

#6 Profesa wa Kijiweni
@Mtaka Ushahidi, na R ya García wewe umeiokota wapi kwenye *gaztea*? Maandishi ya kale yanaandika Garsea, Garsias. R ipo tangu mwanzo.

Kuhusu H: Wabaski wenyewe hawakubaliani. Neno lao la "hii" ni *hau*, lakini kuna lahaja zinasema *kau* na nyingine *gau*. Mwanzo wa neno kwao hautabiriki.

#7 Mtaka Ushahidi
Kwa hiyo wangu unakosa R, wako unakosa G. Tumetoka sare.

#8 Baharia wa Kilindini
Salaam kutoka Mombasa. Hili naweza kulisemea kidogo kwa sababu nimelala nalo chumba kimoja.

Nilifanya kazi kwenye meli ya Wahispania ya kuvua jodari. Meli hizi nyingi makao yao ni Victoria, Shelisheli, na pia huingia Mombasa. Wakubwa wa melini mara nyingi hutoka Bermeo, mji wa wavuvi huko kwa Wabaski. Mtakumbuka ile Alakrana iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Oktoba 2009, nayo ilikuwa ya Bermeo.

Sasa kwenye meli yetu tulikuwa na Garcia watatu. Mkuu wa wavuvi, Mbaski. Mpishi, mtu wa Galicia. Na fundi wa injini, Mfilipino. Usiku mmoja hatujaona samaki siku ya tatu, watu wamenuna, mpishi akamtania mkuu kwamba jina lake kaliiba. Mkuu hakusema neno. Akaenda kwenye mlango wa chumba cha barafu, akachukua chaki tuliyokuwa tunahesabia tani, akachora mnyama. Masikio madogo ya mviringo, tumbo kubwa. Chini akaandika GARTZIA, kwa tz. Akasema: *hartz*.

Dubu, Profesa. Hapo nakuunga mkono.

Ngoja zamu iishe nimalizie.

#9 Kipanga Mweusi
Baharia usitufanyie hivyo. Mpishi alijibu nini?

#10 Binti Chwaka
Nawasalimu kutoka Valencia, mwaka wa 9 huu. Kabla Baharia hajarudi nimsahihishe mleta uzi kidogo. Umeandika "Márquez naye García". Yule jina lake la ukoo la kwanza NI García, Márquez ni la mama. Huku kila mtu ana mawili: la kwanza la baba, la pili la mama. Mke haachi la kwake akiolewa. Kisheria lilikaa sawa tangu ile sheria ya usajili ya 1870. Siku hizi wazazi huchagua lipi litangulie, na tangu 2017 baba hatangulizwi tena moja kwa moja, ni lazima wenyewe wakubaliane.

Kwa sababu akina García ni wengi mno, jina lenyewe linakuwa halimtambulishi mtu. Nilikuwa na mtoto kwenye zahanati moja, muuguzi katokeza kichwa: "García!" Walisimama watu wanne na bibi mmoja mwenye gongo. Muuguzi akapumua, akarudi ndani kuchukua karatasi, akaita jina la pili. Ndiyo maana hata mshairi Federico García Lorca dunia nzima inamwita Lorca tu, jina la mama yake. Rodríguez Zapatero, waziri mkuu wa zamani, naye vivyo hivyo, wanamwita Zapatero. Jina likiwa la kawaida sana linamezwa.

Na wapo wanaoitwa García García. Baba García, mama García, wala si ndugu.

#11 Bi Mkubwa wa Upanga
García García 😂 kama kina Juma Juma wa Temeke.

#12 Mzee wa Kaole
Binti Chwaka, ahsante mwanangu. Sasa wewe mwenye majina matatu ya kwetu, lako, la baba na la babu, walikuandikaje?

#13 Binti Chwaka
Shikamoo mzee. Usiniguse kidonda. Karani wa ofisi moja huku aliona jina la baba na la babu, akadhani la babu ndilo la ukoo wa mama yangu. Kwa miezi kadhaa marehemu babu yangu mzaa baba alikuwa, kwa mujibu wa karatasi, upande wa kikeni. Nikapeleka cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa, nikaeleza kwamba sisi hatuna ukoo kwenye fomu, tuna mlolongo. Akaniuliza, "Sasa ndugu zako wanajuana vipi?" Nikamwambia kwa kuulizana.

#14 Mzee wa Kaole
Marahaba. Umemjibu.

#15 Bwana Hesabu
Niongeze namba, maana tunaongea hewani.

Hispania: García ndilo la kwanza kwa wingi. Wanaolibeba kama jina la kwanza la ukoo ni takriban milioni 1.4, karibu watu 3 kati ya kila 100. Linafuatwa na Rodríguez, González, Fernández na López, na hayo hakuna linalofika milioni.

Marekani: kwenye sensa ya 2010 Garcia lilikuwa la 6 nchi nzima, watu 1,166,120, likampita Miller. Mwaka 2000 lilikuwa la 8, watu 858,289. Juu yake 2010 wamebaki Smith, Johnson, Williams, Brown na Jones.

Mexico wanaongoza Hernández, García anafuata nyuma. Ufaransa limo kwenye ishirini bora, bila alama juu ya i.

#16 Kona ya Winga
Ufaransa tena? Ndiyo kina Rudi?

#17 Bwana Hesabu
Ndiyo, familia yake ina asili ya Hispania. Mwaka 1939 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoishia kwa ushindi wa Franco, karibu watu nusu milioni walivuka milima ya Pyrenees kwa miguu kuingia Ufaransa. Wengi walirudi, wengi walibaki. Kundi jingine lilipitia Algeria: upande wa Oran walijaa wahamiaji wa Alicante na Almería, na Algeria ilipopata uhuru 1962 wakahamia Ufaransa pamoja na walowezi wengine. Na kabla ya vita walikuwepo waliokwenda kutafuta vibarua tu.

#18 Mla Kisamvu
Acheni kuzunguka. García ni jina la Kiyahudi. Kuna orodha ilisambaa, majina maelfu, ukiwa nalo Hispania wanakupa paspoti. Nimeiona kwa macho yangu.

#19 Mtaka Ushahidi
Uliiona WhatsApp.

#20 Binti Chwaka
@Mla Kisamvu, sheria ilikuwepo kweli, ya 2015, kwa ajili ya uzao wa Wayahudi waliofukuzwa 1492. Orodha ndiyo ilikuwa chai. Serikali haikutoa orodha ya majina. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha nasaba, afanye mtihani wa lugha na wa katiba, na dirisha lilifungwa Oktoba 2019. Ingekuwa jina tu linatosha, wangepanga foleni García milioni kadhaa.

Ila Wayahudi na Waislamu waliobatizwa kwa lazima walichukua majina ya kawaida ya Kikristo, García likiwemo. Kwa hiyo wamo García wenye damu hiyo. Asili ya jina lenyewe ni kitu kingine.

#21 Mla Kisamvu
Basi nilikuwa karibu.

#22 Kipanga Mweusi
Karibu kama Luis García na mstari.

#23 Baharia wa Kilindini
Nimerudi. Mpishi alivyomwona yule dubu alicheka mpaka akashika mbavu. Akanyang'anya chaki, pembeni akachora ndege: miguu mirefu, shingo imepinda, mdomo kama sindano. Korongo. Kwa Kihispania ndege huyo huitwa *garza*. Akadai kwao kuna ngao ya ukoo wa García ina korongo huyo, na maneno yake ni *De García arriba, nadie diga*. Maana yake, nilivyofasiriwa, juu ya García asitaje mtu mwingine.

Mfilipino kakaa kwenye ndoo anakula wali. Akaulizwa, "Na lako?" Akajibu: "Langu limetoka kwenye kitabu." Wote kimya.

#24 Profesa wa Kijiweni
Korongo wa mpishi ni mchezo wa sauti tu. Wachora ngao walipenda hivyo: jina linafanana na ndege, wanamchora ndege. Ngao zimekuja jina limeshazeeka. Huwezi kumtafuta babu kwenye picha ya mjukuu.

#25 Bi Mkubwa wa Upanga
Lakini Profesa, na dubu wako si sauti vilevile?

#26 Profesa wa Kijiweni
😶

#27 Bwana Hesabu
Yule Mfilipino hakutania. Tarehe 21 Novemba 1849 gavana Mhispania, Narciso Clavería, alitoa amri Wafilipino wapewe majina ya ukoo, kwa sababu wengi hawakuwa nayo au walijiita majina ya watakatifu hovyo, na hesabu za kodi zikawa hazikai. Likachapwa buku la majina kwa alfabeti, yapata 60,000, ya Kihispania na ya kienyeji humohumo, kurasa zikagawiwa kwa miji. Matokeo yake kuna mji wa Oas, mkoa wa Albay, ambako mpaka leo majina mengi ya ukoo yanaanza na R. Kwa hiyo Garcia wa Manila huenda hana hata tone la damu ya Hispania. Rais wao wa 1957 hadi 1961 aliitwa Carlos P. Garcia, mtu wa kisiwa cha Bohol.

#28 Mzee wa Kaole
Kwa hiyo mtu kapewa dubu, au korongo, kwa ajili ya kodi.

#29 Mwana Lubumbashi
Jambo sana wandugu. Musisahau Kongo. Wafalme wa Kongo ya zamani walibatizwa na walibeba majina ya Ulaya. Garcia wa Pili, jina lake la nyumbani Nkanga a Lukeni, alitawala tangu 1641 karibu miaka ishirini, kule Mbanza Kongo, leo ni ndani ya Angola. Alifanya urafiki na Waholanzi ili awatoe Wareno Luanda. Garcia alikuwa wetu pia.

#30 Mtaka Ushahidi
Heshima kwako, ila huyo ni Garcia wa Kireno, bila alama. Na kwake ni jina la ubatizo, si la ukoo.

#31 Mwana Lubumbashi
Sawa. Lakini #4 amesema hata mfalme wa Pamplona García lilikuwa jina lake mwenyewe, la ukoo ni Íñiguez. Sasa mufalme wa Kongo na wa Pamplona tofauti yao ni gani?

#32 Mzee wa Kaole
Hapo kijana wa Lubumbashi kagusa penyewe, na ndipo nilikuwa nasubiri.

García Íñiguez maana yake García bin Íñigo. Hiyo *-ez* ya Kihispania ni "bin". Fernández ni bin Fernando, Rodríguez bin Rodrigo, Sánchez bin Sancho. Wareno wanaandika *-es*: ndiyo maana Wagoa wetu wa Zanzibar, Mombasa na Nairobi ni Fernandes na Rodrigues kwa s, kwa kuwa Goa ilikuwa ya Wareno. Ukiona z, elekea Madrid. Ukiona s, elekea Lisbon au Goa.

Sasa García mbona hana *ez*? Kuna Garcés, huyo ndiye bin García, lakini ni wachache. Wengi walilibeba hivyohivyo bila bin, kama sisi tulivyotoka "Juma bin Ali" tukabaki na "Juma Ali". García lilikuwa jina la mtu kama Juma. Majina ya ukoo yalipoganda, kila mtu ambaye babu yake aliitwa García akawa García. Hakuna baba mmoja wa wote.

Kijana wa karanga aambiwe hivyo.

#33 Bwana Hesabu
Mzee, hiyo inaeleza kwa nini si ndugu. Haielezi kwa nini wanawazidi Fernández. Fernando nalo lilikuwa jina la wafalme.

#34 Profesa wa Kijiweni
Kwa sababu García lilipendwa zaidi wakati wa kuganda. Kadinali Cisneros aliagiza parokia zake ziweke vitabu vya ubatizo mwishoni mwa karne ya 15, kisha Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukalifanya jambo la kanisa zima 1563. Lililokuwa linavuma wakati huo ndilo lililonaswa.

#35 Binti Chwaka
Mimi naona ni kuhamahama. Catalonia García ndilo la kwanza, na si kwamba Wakatalani walikuwa akina García. Ni watu wa Andalusia na Murcia waliomiminika viwandani Barcelona miaka ya 1950 na 1960. Hata kwa Wabaski wenyewe, Bilbao na Bizkaia, wengi wa kina García wamekuja na migodi ya chuma na viwanda kutoka mikoa mingine. Yaani jina lilitoka kwao likiwa jina la mtu, likarudi kwao likiwa jina la mgeni.

#36 Bwana Hesabu
Kuhama hakuongezi watu, kunawasambaza tu.

#37 Binti Chwaka
Waliohama hawakuzaa?

#38 Kona ya Winga
Mbona Diego Garcia imerukwa? Ile ndiyo ilikuwa karibu na mimi.

#39 Baharia wa Kilindini
Kisiwa kile kiko karibu kilomita 3,500 mashariki ya pwani ya Tanzania. Wengi husema ni jina la nahodha wa karne ya 16, na Diego García mabaharia walikuwepo. Wengine husema mchora ramani alisoma vibaya *Deo Gracias*, yaani ahsante Mungu. Wenyeji wake walikiita watakavyo mpaka walipohamishwa kwa nguvu, kati ya 1968 na 1973, kupisha kambi ya Wamarekani. Wengi walitupwa Mauritius na Shelisheli. Nimefanya kazi na mtoto wao mmoja pale Victoria. Mama yake alifika na sanduku moja, mbwa wakaachwa nyuma na kuuawa.

#40 Mla Kisamvu
Na Mei 2025 Uingereza ikasaini kuwarudishia Mauritius visiwa vya Chagos, Diego Garcia kikiwemo, halafu kile chenyewe wakakikodi miaka 99. Kurudisha gani huko?

#41 Msimamizi wa Jukwaa
Siasa ya Chagos ina uzi wake. Hapa majina.

#42 Mganda wa Masaka
Nami niseme la majina. Kwetu Buganda ukoo ndio wenye mnyama: Ngo ni chui, Mpologoma simba, Mmamba kambare-mamba. Mnyama wako humli na wa ukoo wako humwoi. Je, hao kina Dubu walikuwa na mwiko wowote?

#43 Profesa wa Kijiweni
Mwiko hapana. Ila wanyama walipendwa majinani. Mbwa mwitu kwa Kibaski ni *otso*, likatoka jina Otsoa. Kwa Kilatini *lupus*, likatoka Lope, kisha López, bin Lope. Kwa hiyo López na Otsoa ni mnyama mmoja kwa lugha mbili.

#44 Mtaka Ushahidi
Naona dubu anapewa mashahidi wa porini. G bado haijapatikana.

#45 Kipanga Mweusi
Baharia, hujamaliza. Dubu na korongo pale mlangoni, nani alishinda?

#46 Baharia wa Kilindini
Alfajiri tulipata jodari. Mlango ukafunguliwa na kufungwa mara mia, mikono ina damu na maji ya chumvi, chaki ikafutika. Ilibaki tz tu, pale chini. Mfilipino akaihesabu kuwa ni tani, akaandika kwenye daftari, ikatoka kelele.

#47 Kona ya Winga
Nashukuru wote. Kijana wa karanga nimemsomea mpaka #32, kasema sawa, si ndugu. Sasa anauliza Otsoa ya #43 ndiye Ochoa, yule kipa wa Mexico mwenye nywele za kukunjamana?

#48 Profesa wa Kijiweni
Ndiye. Mbwa mwitu golini.

#49 Bi Mkubwa wa Upanga
Na kule Barcelona dubu golini. Simba wetu wanasubiri nini?

#50 Kipanga Mweusi
Bi Mkubwa, Yanga wasisikie.